Mgeni Asiyetaka Mapokezi

Hapa Nakwa, Babati, mnyama mpya akiingia nyumbani, habari zake humtangulia. Bodaboda haijasimama vizuri, watoto wa jirani wameshaliona boksi lenye matundu, na jioni ile ua umejaa wakaguzi: wa kuuliza wametoka wapi, wa kuuliza wanaliwa au wanafugwa tu, na wa kutia mkono ndani bila kuuliza lolote. Kwa shangazi aliyeshuka kwenye basi la Kondoa, hayo ndiyo mapokezi yenyewe, na asipoyapata atanuna. Sungura wa wiki nane, aliyeagana na mama yake asubuhi bila kujua kwamba anaagana, anaona jambo lingine kabisa: viumbe wakubwa wamemzunguka, macho yote yanamkodolea yeye, na mikono inashuka kutoka juu. Katika ukoo wa sungura, kinachoshuka kutoka juu huwa kina makucha.

Kwa hiyo mwongozo huu una amri moja tu, na yaliyobaki ni kanuni zake ndogondogo: siku za mwanzo, mpende sungura kwa kumwacha. Nalisema hili kwa moyo wote, kwa sababu sungura mdogo anaweza kufa katika juma la kwanza huku kaya nzima ikimpenda. Sungura aliyeogopa hali, na utumbo wake umeumbwa kusukumwa na nyasi zinazoingia karibu muda wote. Zisipoingia, utumbo husimama, gesi hujaa, na kutapika hawezi, maumbile hayakumpa njia hiyo. Nusu siku bila kutia kitu mdomoni tayari ni dharura.

Ukilishika hilo, kila kanuni inayofuata utaielewa hata kabla sijaimaliza.

Banda kwanza

Banda lazima liwe limekamilika, hadi komeo la mwisho, kabla sungura hawajatoka kwa muuzaji. Mipango mingi huharibikia hapa. Sungura wananunuliwa Jumamosi kwa kuwa wamependeza, wanatiwa kwenye banda la kuku "kwa muda", na ule muda unaota mizizi. Kuku hunyea chakula, hudonoa, huamka na kelele. Na ukianza kupigilia misumari kwenye banda jipya wageni wakiwa tayari ndani yake, umewapa usiku wa kwanza wa ngurumo.

Mahali pa kuliweka patafute saa nane mchana, jua linapokuwa kali. Simama uani kwako, uone kivuli kiko wapi, kisha ujiulize kama kitakuwapo pia mwezi wa kwanza na wa pili. Babati iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai kila mtu hutafuta blanketi, kwa hiyo wengi hudhani adui wa sungura hapa ni baridi. Sungura aliye mkavu, mwenye nyasi za kujichimbia, baridi yetu anaiweza. Kinachomuua ni joto, unyevu, na upepo unaompiga bila kinga. Hatoki jasho. Joto la mwili analitoa kwa kiasi kikubwa kupitia masikio, na hewa ikizidi nyuzi 30 huanza kuhema kwa taabu. Bati tupu juu ya kichwa chake humgeuzia banda kuwa tanuri, basi tandika nyasi juu ya bati, au inua paa kidogo hewa ipite katikati.

Kama kivuli chako kizuri ni cha mparachichi, tafuta kingine. Majani ya mparachichi ni sumu kwa sungura, na yanadondoka yenyewe bila kukuomba ruhusa.

Upepo wa kiangazi hapa kwetu huvuma zaidi kutoka upande wa mashariki. Upande huo uwe ukuta kamili wa mbao au mabanzi, na pande nyingine mbili vilevile. Wavu uwe mbele tu. Banda la wavu pande zote nne linapendeza machoni pa mpita njia, lakini mwenye banda ni sungura, naye haoni raha ya kutazamwa pande zote.

Wavu mwembamba wa kuku usiutumie. Mbwa huuchana, na meno ya sungura, ambayo hukua maisha yake yote, hayauogopi. Tafuta ule wavu mgumu uliochomelewa kiwandani, wenye matundu madogo asiyoweza kupenya panya wala nguchiro. Mlango ufungwe kwa komeo la chuma. Kamba ni chakula. Kama sakafu ni ya wavu, weka na ubao mpana wa kupumzikia: unyayo wa sungura hauna ngozi nene ya chini aliyo nayo paka au mbwa, una manyoya tu, na akikaa juu ya waya kutwa kucha atatoka vidonda vitakavyomtesa miezi.

Liinue banda hadi usawa wa kiuno, kisha kila mguu wake uusimamishe ndani ya kopo lenye oili chafu au maji. Hii ni kwa ajili ya siafu. Mvua zikichanganya, siafu huhama kwa misafara, na mnyama aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Kuku angalau ataruka, na mbuzi atakata kamba. Sungura atabaki ndani ya wavu ule ule uliouweka kumlinda. Kagua makopo kila wiki, maana maji hukauka, na hata jani moja refu la nyasi likigusa ubao wa banda limekwisha kuwa daraja. Nimelisisitiza jambo hili kwa sababu linagharimu makopo manne tu, na bado ndilo linalosahauliwa kuliko yote.

Kuhusu ukubwa, sungura aweze kuruka miruko mitatu mfululizo, na akisimama kwa miguu ya nyuma masikio yasiguse paa. Kwa wawili, urefu wa karibu mita mbili kwa upana wa sentimita 60 ni mwanzo mzuri, mradi wapate na uwanja wa kukimbia mchana. Ndani weka sanduku la mbao lenye mlango mmoja na giza la kutosha. Sanduku hilo ndilo samani muhimu kuliko zote. Sungura mwenye mahali pa kujificha hutoka mapema, na asiye napo hubaki pembeni siku nzima amejikunyata, mgongo ukutani, masikio yamelala.

Swali la wiki ngapi

Sasa nenda ukanunue. Mazungumzo huwa hivi:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hawa wana wiki ngapi?"

"Wanakula wenyewe, mama."

Uliuliza umri, umejibiwa habari ya mlo. Rudia swali, kwa upole uleule, hadi upate idadi.

Sungura wa kufugwa huzaliwa uchi, kipofu, ndani ya kiota ambacho mama amekitandika manyoya aliyojinyofoa mwilini. Macho hufunguka siku ya kumi hadi ya kumi na mbili. Akifika wiki tatu hivi hutoka kiotani na kuanza kutafuna majani, na hapo ndipo muuzaji mwenye haraka husema amekwisha kukua. Ndani ya tumbo lake, hata hivyo, kazi bado ni changa. Utumbo unahama kutoka kwenye maziwa kwenda kwenye nyuzinyuzi, na vijidudu vyema vya kusaga majani ndiyo kwanza vinatafuta makazi. Mtoe kwa mama wakati huo, mpakie kwenye bodaboda, mbadilishie chakula, mwingize banda geni, vyote siku moja, na utapata kuhara kunakoweza kumwondoa kati ya asubuhi na jioni. Mwachie wiki nane. Mnunuzi aliyekataa wa wiki nne amemsaidia sungura yule, na amemfundisha muuzaji pia.

Sungura huyu wa kufugwa si yule wa hadithi za bibi, na watoto waambiwe mapema ili wasimdai ujanja. Sungura wa porini anayetimka vichakani kuelekea Mlima Kwaraa ni mnyama wa aina nyingine: huzaliwa na manyoya, macho wazi, na huishi juu ya ardhi akitegemea mbio. Wa bandani mababu zake wametoka Hispania na Ureno, na makao yao ya asili ni mashimo. Yule hutimka apatapo hofu. Huyu hutafuta shimo, na asipoliona huganda.

Chukua wawili, ndugu wa tumbo moja. Sungura wa peke yake hudhoofu kwa upweke, na katika siku za kuhamia, mwenzake ndiye kitu pekee anachokifahamu. Mwombe mtu mzoefu akuthibitishie jinsia, maana katika wiki ya nane hata macho makini hukosea, kisha mkague tena katika wiki ya kumi na mbili. Dume na jike uwatenganishe kabla hawajafikisha miezi minne. Mimba yake huchukua siku 31 hivi, na jike anaweza kupandwa tena siku ileile aliyozaa. Madume wawili wakikomaa watapigana, na hupigana kwa kulenga sehemu za siri. Palipo na daktari wa mifugo mwenye ujuzi wa kuhasi sungura, hiyo ndiyo njia ya kuwaweka wawili pamoja kwa amani maisha yao yote. Pasipo na ujuzi huo, majike wawili waliolelewa pamoja ndio chaguo langu, nao uwape nafasi pana.

Njiani

Kabla hujaondoka, omba vitu viwili ambavyo muuzaji atashangaa kuombwa: mfuko wa chakula wanachokula sasa, na konzi ya nyasi za banda lao la zamani, zisizosafishwa. Kile cha kwanza ni kwa ajili ya tumbo, cha pili ni kwa ajili ya pua. Nyasi zile zenye harufu ya mama na ndugu uzitandike ndani ya sanduku la kujificha, na usiziondoe juma zima hata zikikuudhi.

Wasafirishwe ndani ya tenga au boksi lenye matundu, si ndani ya kiroba. Ondoka alfajiri. Kama wanatoka Arusha, barabara ni zaidi ya kilomita 160, na buti ya basi si mahali pa kiumbe asiyetoka jasho, wapakate.

Na masikio yasiguswe. Katika soko lolote utamwona mtu amemning'iniza sungura kwa masikio, miguu ikipiga hewa, na watazamaji wanasema ndivyo anavyoshikwa. Masikio yana mishipa ya damu mingi na ngozi nyembamba. Lililo baya zaidi ni ile miguu inayopiga hewa. Sungura ana misuli mikubwa ya nyuma na mifupa myepesi, isiyofika hata sehemu ya kumi ya uzito wake, na teke moja la nguvu akiwa ananing'inia linaweza kumvunja uti wa mgongo yeye mwenyewe. Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, halafu mgandamize taratibu kifuani kwako. Hata hivyo, katika juma la kwanza usimbebe kabisa isipokuwa kwa lazima.

Siku mbili, ya tatu jembe

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe kaja nalo, tena miguu miwili ya mbele, na ataanza kulitumia atakapojisikia. Kazi yako ni kumfikisha hapo.

Mfungulie boksi mbele ya mlango wa banda, aingie mwenyewe. Weka maji, weka nyasi kavu nyingi, weka konzi ya kile chakula cha zamani. Funga komeo. Ondoka. Usirudi na tochi usiku kuona kama wamelala. Sungura huchangamka alfajiri na magharibi, na tochi ya ghafla humwambia kwamba fisi amejifunza kuwasha taa. Majirani waliokuja kutazama wakaribishwe chai upande wa pili wa nyumba, waambiwe ukweli: wageni wamechoka, waje Jumapili ijayo. Hakuna jirani mwema atakayekasirika, na watoto wa Nakwa wakipewa sababu wanaielewa haraka kuliko wakubwa.

Asubuhi kagua mambo mawili, bila kumgusa sungura yeyote: nyasi zimepungua, na kinyesi kipo. Kinyesi kizuri ni vijiduara vikavu vinavyolingana. Ukiona kishada kidogo laini, chenye kung'aa na harufu, kisha ukamwona sungura akikichukua moja kwa moja kutoka nyuma na kukila, usimkemee wala usimhurumie. Hicho ni chakula cha mara ya pili, chenye vitamini na protini vilivyotengenezwa na vijidudu vya tumboni mwake, na asipokila ataugua. Kama hakuna kinyesi kabisa, au kuna uji, hapo ndipo pa kuanza kuhangaika, na nitarudi kwenye hilo.

Siku ya pili na ya tatu, vuta kigoda ukae karibu na banda, uchambue maharage au usome, usimtazame usoni. Zungumza kwa sauti ya kawaida. Watu wa nyumba waingie na kutoka kama wanavyofanya siku zote, maana sungura hazoei kelele asizozisikia. Mbwa tu afungwe mbali. Akipiga ardhi kwa mguu wa nyuma, du!, anawatangazia wenzake hatari: acha unachofanya, usisogee, asikuone unakuja juu yake. Kuanzia siku ya nne, weka mkono ndani ukiwa na jani moja la nyasi kavu, chini, kwa ubavuni. Usimletee mkono mbele ya pua, kwa kuwa macho yake yako pembeni, yanaona karibu pande zote isipokuwa pale pale mbele ya pua, na kinachotokea hapo humshtua. Atanusa, atakimbia, atarudi. Mwache afanye hivyo hata mara kumi.

Watoto wanastahili kufundishwa, na wafundishwe kwa kupewa kazi. Mmoja awe msimamizi wa maji, mwingine wa nyasi, wa tatu wa makopo ya siafu. Mtoto mwenye kazi bandani hufika na sababu, huitimiza na kuondoka. Mtoto asiye na kazi hufika na mikono mitupu, na mikono mitupu hutafuta cha kushika.

Dalili kwamba mgeni amekuwa mwenyeji utaijua bila kuambiwa. Atajitupa ubavu ghafla, miguu imenyooka, macho nusu wazi. Wanaomwona mara ya kwanza hudhani amekufa na kupiga ukunga. Amelala tu, na ameamua kwamba hapa panalalika.

Mlo

Nyasi kavu ziwe sehemu kubwa kabisa ya mlo, ziwepo usiku na mchana. Nakwa tunayo nafasi nzuri: mwezi wa tano, mvua zinapoaga, nyasi bado zina ubora wake. Zikate, zikaushe kivulini, zihifadhi pakavu, na kiangazi chote hadi Oktoba hutahangaika. Nyasi za majimaji za kando ya Ziwa Babati usiwachumie. Ukiacha kwamba viboko hutoka humo usiku kuja kuzila, nyasi za matopeni zinaweza kubeba vimelea vya minyoo ya ini.

Majani mabichi yaingie polepole, aina moja moja, kiasi kidogo, baada ya juma la kwanza la chakula cha zamani. Anza na mchunga, kishona nguo, majani ya viazi vitamu, majani ya mbaazi. Yakatwe jioni, yaachwe yanyauke kidogo yakiwa yametandazwa. Yaliyorundikwa mfukoni hadi yakapata moto yatampa gesi. Karoti, ambayo kila picha ya sungura humshikisha mkononi, ina sukari nyingi kwa tumbo lake. Kipande kidogo mara mojamoja kinatosha, na majani ya karoti ni bora kuliko karoti yenyewe.

Visipite kabisa mlangoni: majani ya parachichi, ya nyanya, ya viazi mviringo, mnyonyo, na kisamvu kibichi. Pumba za mahindi kwa mtoto wa wiki nane zina wanga mwingi mno, na wanga huchacha tumboni. Mashudu ya alizeti, ambayo hapa hayakosekani, yasubiri hadi akue, na hata hapo ni konzi ndogo. Mahindi yenye ukungu yatupwe, wala yasiitwe "ya sungura". Mkoa wetu unalijua jambo hili kwa uchungu: mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kiasi kilichomdhuru mtu mzima kitamfanya nini kiumbe wa nusu kilo?

Maji yawe masafi kila siku, kwenye chombo kizito cha udongo asichoweza kukipindua.

Kutoka nje

Baada ya wiki mbili hivi, wakiwa wanakula kutoka mkononi, watengenezee uwanja wa mchana: fremu ya mbao yenye wavu pande zote na juu. Juu ni kwa sababu ya mwewe. Chini pia, au angalau wavu uliotandazwa nje kuzunguka kingo, kwa sababu ya lile jembe. Wape nusu saa jioni ya kwanza, ongeza kidogo kidogo, na sanduku lao liwe ndani ya uwanja ili wajue pa kukimbilia. Fremu ihamishwe kila siku chache, nyasi zipumue, na vimelea vya kinyesi visirundikane. Ugonjwa wa koksidia huwapata zaidi sungura wadogo wanaolala juu ya kinyesi cha jana.

Wapo watakaokushauri uwaachie tu huru, wale uwanja mzima. Mwaka 1859 mlowezi mmoja wa Australia, Thomas Austin, aliletewa sungura 24 hivi kutoka Uingereza akawaachia shambani kwake Victoria ili awawinde. Walichimba, wakazaa, wakasambaa sehemu kubwa ya bara, na hadi leo Australia inalipa gharama yake kwa mazao na malisho yaliyoteketea. Nakwa tuna mwewe, nguchiro na mbwa wengi mno kufika huko. Wa kwako hawatafika hata kwenye mchicha wa jirani wakiwa hai, na kama watafika, uhusiano wako na jirani ndio utakaokufa.

Dawa ambayo ni sumu

Nilisema nitarudi kwenye tumbo. Sungura aliyeacha kula, aliyejikunja, anayesaga meno kwa nguvu, asiye na kinyesi, au anayeharisha, hasubiri kesho. Mweke mahali pakavu penye joto la wastani, mpe maji na nyasi tu, majani mabichi yakome, kisha mtafute afisa mifugo siku hiyohiyo. Masikio yenye magamba mazito kwa ndani, au upele puani na vidoleni, ni utitiri. Unatibika kwa urahisi ukiwahi.

Usilopaswa kulifanya ni hili. Katika nyumba nyingi kuna vidonge vya amoksilini vilivyobaki kwenye kabati. Amoksilini, ampisilini na ndugu zao wa jamii ya penisilini, zikipitia mdomoni, huua vijidudu vyema vya tumbo la sungura, vibaya hushika nafasi, na mnyama hufa kwa dawa aliyopewa kwa huruma. Mtu akitumia dawa hizo hupona, kuku akitumia anaweza kupona, na ndiyo maana watu wema huzitoa. Vivyo hivyo dawa za kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe: usizikadirie kwa jicho kwenye mnyama mwenye uzito wa kifuko cha sukari. Afisa mifugo akiandika dawa yoyote, mwambie wazi ni ya sungura, na umwulize kama ametibu sungura kabla. Si utovu wa adabu kuuliza.

Wauzaji wa Babati nao nawaomba jambo moja: mtoto wa sungura asiuzwe kabla ya wiki nane, na anapouzwa aondoke na mfuko wa chakula alichozoea. Nawe mnunuzi, kama banda halijaisha wiki hii, lipia, kisha waache kwa mama yao wiki moja zaidi.